Bi Mwanamize na Tangi la Ukumbini

Kwa miaka arubaini na mbili Bi Mwanamize Silima alichokoa pweza kwenye miamba ya Makoongwe. Aliijua miamba ile tundu kwa tundu, kama mtu anavyoijua mitaa ya kwao: hapa hukaa pweza jike, pale usitie mkono kwa sababu ya samaki taa na mwiba wake, na lile tundu refu kila bamvua, maji yanapokauka sana, hupata mpangaji mpya. Halafu magoti yakamkatalia. Lilianza la kulia, akawa anashuka na fimbo mbili, moja ya pweza na moja ya kuegemea. La kushoto nalo likafuata. Mwaka jana, siku chache baada ya Idi, alianguka mwambani, maji yakiwa ya kifundo cha mguu tu, akashindwa kuinuka mpaka wanawake wenziwe wakamshika wawili huku na wawili huku. Jioni ile binti yake Rahma akapiga simu kutoka Wete. Hakuuliza kitu. Alisema kesho anakuja kumchukua.

Rahma alikuwa mwalimu wa skuli ya msingi, na mumewe, Talib, fundi wa mafriji. Walikaa mtaa wa Jadida, nyumba ya matofali yenye ukumbi mpana na dirisha kubwa upande wa jua la alasiri. Bi Mwanamize alipewa chumba chake, kitanda chake na godoro jipya, na hakuachiwa kazi hata moja. Akishika ufagio, ananyang'anywa. Akivuta ungo wa mchele, Rahma anamwambia, "Mama pumzika, umefanya kazi ya kutosha." Basi akawa anakaa kwenye mkeka ukumbini, sanduku lake la tambuu ubavuni, anahesabu pikipiki zinazopita.

Talib alikuwa mkwe mwenye adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyomzidishia mama upweke. Kila asubuhi husimama mlangoni mwa ukumbi, macho chini, akamwamkia. Bi Mwanamize hujivutia kanga usoni kidogo na kuitikia, "Sijambo baba, alhamdulillahi." Basi, imekwisha mpaka kesho. Kama mama yuko ukumbini, Talib hupitia uani. Kwa miezi minne waliishi nyumba moja kama watu wa mitaa miwili.

Mwezi wa tano Talib akaja na vioo. Vilikuwa vya kabati la duka lililofungwa, vizito, vya kijani pembezoni. Alivikata, akaviunga kwa silikoni, akaviacha wiki nzima vikauke, kisha akachomelea kiti cha chuma cha kulikalisha tangi. Urefu wake ulikuwa kama mkono na nusu. Rahma alipomuuliza tangi lote hilo la nini, alijibu kwamba kutwa nzima anashughulika na mashine za samaki waliokufa, naye anataka kuona samaki anayetikisika. Akaliweka ukumbini, chini ya dirisha, maana ndipo sakafu ilipokuwa sawa na ndipo palipokuwa na umeme. Alileta maji ya bahari kwa madumu juu ya Vespa yake, safari baada ya safari. Akatia mchanga, akatia mawe ya matumbawe aliyoyatoa majini, akafunga pampu ndogo. Maji yalikuwa meupe kwa siku tatu, kisha yakang'aa. Akatia samaki watatu wa buluu, kila mmoja mdogo kuliko kidole gumba.

Bi Mwanamize aliyatazama yote hayo kutoka kwenye mkeka wake bila ya kusema neno. Lakini mkeka wenyewe aliusogeza, siku moja kidogo na siku ya pili kidogo, mpaka ukawa mbele ya kioo.

Wiki ya tatu tangi likaanza kuharibika. Vumbi la kahawia lilitanda juu ya mchanga na mawe, kama mtu aliyenyunyiza kahawa. Talib akalifuta asubuhi; alasiri limerudi. Likaisha lenyewe, na mahali pake pakaota nyuzi za kijani, laini, ndefu kama nywele, zikafunika jiwe zima. Kioo kikawa na utelezi. Kwenye mawe kukachomoza vidude vitatu vya kahawia mfano wa maua, vyenye mikono myembamba inayocheza kwa mkondo wa pampu. Na kwenye mchanga Talib akaona minyoo myekundu yenye manyoya, mwili ukamsisimka. Kila akitoka kazini huchutama mbele ya tangi na simu mkononi, anatazama video za watu wa nchi za mbali wenye matangi yanayometa, kisha anatazama la kwake, anaguna.

Bi Mwanamize aliona makosa yake mengi. Aliona chakula kinavyomwagwa kwa kiganja, samaki watatu wanashiba na kilichobaki kinaozea nyuma ya jiwe. Aliona jua la alasiri linavyoingia dirishani na kulipiga tangi kama linavyopiga bati. Aliona maji yakipungua, Talib anaongeza mengine ya bahari, na yakipungua tena anaongeza tena. Hakusema. Nyumba ya watu, tangi la watu, na yeye mama mkwe aliyekuja na magoti mabovu.

Kilichomfungua mdomo ni samaki. Siku moja walibaki wawili. Talib alitafuta chini ya kiti cha chuma, akainua zulia, akadhani samaki ameruka. Kesho yake, baada ya sala ya alfajiri, kabla taa hazijawashwa, Bi Mwanamize alikaa mbele ya kioo, akaona kwenye tundu la chini la jiwe la kushoto gando jeusi lenye manyoya likitoka, likipapasa, likirudi ndani. Moyo ulimchangamka kama zamani.

"Mwambie mumeo samaki wake hakuruka," alimwambia Rahma, aliyekuwa anakusanya madaftari ya wanafunzi. "Kaliwa."

Rahma akaenda jikoni, Talib alikokuwa akinywa chai, akampa habari. Akarudi. "Anauliza, kaliwa na nini?"

"Na kaa. Yumo jiwe la kushoto, tundu la chini."

Akaenda, akarudi. "Anasema jiwe lile alilikosha kabla ya kulitia."

"Mwambie kaa hatoki kwa kukoshwa."

Rahma akasimama katikati ya ukumbi, madaftari kifuani, saa ya skuli imemfika shingoni. Akasema kwa sauti ya kusikika huku na kule, "Mama, yule ni mwanao. Talib, huyu ni mama yako. Mie si simu. Semezaneni wenyewe." Akavaa viatu akaondoka.

Kisha Bi Mwanamize akasikia hodi. Talib alikuwa mlangoni mwa ukumbi wake mwenyewe, anabisha.

"Karibu baba," alisema. "Leta njiti ya mwavuli, kama unao mbovu. Na kipande cha dagaa na uzi."

Vyote vilipatikana. Bi Mwanamize alikaa kwenye kigoda, akafunga dagaa kwenye uzi, akamshushia kaa mbele ya tundu, na kwa mkono wa pili akaingiza njiti ya mwavuli kwa nyuma, taratibu, kama anavyomtekenya mtoto. Alimweleza Talib kwamba ukimchoma kiumbe wa tundu hung'ang'ania, lakini ukimkera tu mgongoni hutoka mwenyewe kutafuta utulivu. Haikuchukua dakika tano. Gando lilikamata dagaa, njiti ikasukuma, na kaa akatoka mzima mzima, mkubwa kama ndimu. Talib akamteka na bakuli. Bi Mwanamize akacheka, na Talib, ambaye hakuwahi kusikia kicheko chake tangu siku ya harusi, akajikuta anacheka naye. Talib alitaka kumtupa kaa kwa kuku. Mama akamwambia amrudishe pwani alikomtoa, kwa kuwa hakuomba kuletwa.

Kabla Talib hajaondoka, mama alichovya kidole tangini akakionja.

"Chumvi imepanda," alisema. "Maji haya yamekuwa makali kuliko ya bahari."

Talib alieleza kwamba kila yakipungua anaongeza ya bahari, si samaki wa bahari? Mama akamwambia habari ya vidimbwi vinavyobaki mwambani wakati wa jua kali: maji huondoka, chumvi hubaki, na mpaka alasiri hata kaa wanavikimbia. Yanayopungua ni maji matupu, basi arudishe maji matupu. Talib, ambaye riziki yake yote ni mambo ya mvuke na baridi, hakuliona hilo. Siku ile ile alitoa maji kidogo ya tangi, na kuanzia hapo wakawa wanatia maji ya mvua yaliyokingwa batini, kata moja asubuhi na kata moja jioni, ili samaki wasishtuke.

Baada ya hapo mazungumzo hayakuhitaji mjumbe. Mama alisema pazia lifungwe saa za jua, likafungwa. Alisema chakula kiwe cha kujaa ukucha wa kidole kidogo, na Talib akamkabidhi kopo zima la chakula, awe yeye mwenye kulisha. Kila alasiri, baada ya sala, Bi Mwanamize alichukua kijiti akakizungushia zile nyuzi za kijani, akazivuta polepole kama anayesokota kamba, na mswaki mkuukuu akausugulia mawe. Minyoo alimkataza Talib kuigusa, kwanza kwa sababu manyoya yake huwasha, pili kwa sababu inakula uchafu unaooza mchangani. Rahma alipomwona mama yake ameloa mpaka viwiko alifungua mdomo kumwambia apumzike, kisha akaufunga.

Lakini ukoga huo wa kijani ulikuwa unarudi, kidogo kidogo, mahali ambapo kijiti hakifiki. Mama akasema wanahitaji wa kuula. Kuna konokono mwambani kazi yao ni hiyo tu, kutwa kucha wanakwangua. Tatizo ni kwamba aliweza kumweleza Talib rangi na umbo, lakini konokono wa pwani wanafanana kama mchele, na mara ya kwanza Talib alileta wanne waliokaa kitako bila ya kugusa hata unyuzi mmoja, na wa tano aliyeanza kutafuna wenziwe, ikabidi awarudishe wote. Bamvua iliyofuata ilikuwa siku ya Jumapili. Talib akashuka pwani na ndoo, na maji yalipokauka akapiga simu ya video. Rahma akaishika simu mbele ya uso wa mama yake.

"Huyu?" aliuliza Talib, akiinua konokono mmoja mbele ya kamera.

"Huyo mwache, ndiye yule mla wenziwe."

"Na huyu?"

"Mgeuze nimuone tumbo. Hebu. Ndiye huyo! Mchukue. Chukua sita, usizidishe, tangi lenyewe dogo."

Alimwongoza jiwe kwa jiwe. Alimwambia inua pale penye kivuli, na ukishaangalia lirudishe jiwe kama lilivyokuwa, upande wenye ukoga juu, usiwaache waliomo chini wakaungua na jua. Talib aliteleza mara mbili, simu ikaonyesha mbingu. Konokono sita walipotimia, Rahma alitaka kukata. Mama akamzuia mkono.

"Baba," alisema, "kama huna haraka, sogea mbele kidogo. Mpaka pale maji yanapoanza kuwa meusi."

Hapakuwa na haja yoyote ya konokono huko. Talib hakuuliza. Alikwenda mpaka ukingoni mwa mwamba, akainamisha simu karibu na maji, akaishikilia hapo muda mrefu. Miguu ya Bi Mwanamize, iliyonyooshwa mkekani, ilikuwa inatikisika vidole, ikitafuta pa kukanyaga. Aliona tundu moja lililozungukwa na makombe yaliyovunjwa, akamwambia Rahma kwa sauti ndogo kwamba mle mna pweza, na hakumwambia Talib amtoe.

Wale konokono walifanya kazi ya ajabu. Kila asubuhi kioo kilikuwa na njia zao, safi, za kuzunguka zunguka. Mama akapata kichwa, kama mtu yeyote anavyopata mambo yakimwendea. Ndipo akavigeukia vile viua vya kahawia.

Talib alimuuliza mapema kama viachwe. Mama akasema haviwezi kuachwa, vinauma samaki, kesho vitajaa. Hilo lilikuwa kweli. Kisha akasema dawa yake ni kisu, na hilo halikuwa kweli. Alichukua kisu cha jikoni akavikwangua vyote vitatu, akavitawanya majini, akajisifu mbele ya Rahma kwamba kazi imekwisha. Baada ya wiki mbili wakahesabu viua ishirini na vitatu. Kila kipande kilichokatika kilikuwa kimejishikiza mahali kikaota upya. Vilikuwa mawe yote, kimoja kimekaa hata juu ya bomba la pampu, na samaki mmoja alikuwa anaogelea kwa ubavu, pezi limeungua.

Bi Mwanamize aliumia kuliko alivyotarajia. Kwa siku tatu alihamisha mkeka upande wa pili wa ukumbi, akisingizia upepo. Kopo la chakula alilirudisha juu ya kabati. Talib akimwamkia asubuhi, kanga ilikuwa imerudi usoni. Alijiona mwanamke wa mwambani aliyekuja kuharibu kitu cha watu mjini.

Siku ya nne Talib alirudi kazini mapema, akabisha hodi, akaja akakaa sakafuni mbali kidogo na mkeka. Hakutaja viua. Alisema, "Mama, friji ya kwanza niliyotengeneza maishani mwangu niliiua kabisa. Ya jirani. Ilikuwa inapoza kidogo; nilipomaliza ikawa haipozi hata kidogo. Nikajificha kwa shangazi yangu wiki nzima."

Mama akamtazama. "Jirani akasemaje?"

"Alikuja kuniuliza kama nimekula."

Bega la mama lilitikisika kwa kicheko alichokizuia. Ndipo Talib akatoa simu. Alisema amesoma kwamba kuna njia ya kuviua bila ya kuvikata. Dawa yenyewe ya dukani haipo Wete, wala Chake Chake, ameulizia. Lakini wengine hutumia chokaa laini iliyokorogwa ikawa nzito, wakakinyunyizia kila kimoja mdomoni, nacho huimeza kikidhani ni chakula. Alikuwa anafikiria kwenda kwa wajenzi.

"Chokaa ya wajenzi ina mchanga na kila takataka," alisema mama. Akavuta sanduku lake la tambuu, akafungua kikopo cha bati cha chokaa ya kutafunia. Chokaa ilikuwa nyeupe, laini kama samli. "Hii naitia mdomoni mwangu mwenyewe."

Talib alikwenda duka la dawa akanunua bomba la sindano, akaitupa sindano yenyewe. Mama alikoroga chokaa na maji kidogo mpaka ikawa ya kupita bombani. Pampu ikazimwa ili maji yatulie. Aliyeshika bomba ni Bi Mwanamize, maana mkono wake ndio uliozoea kazi ya matundu. Alikisogelea kiua cha kwanza polepole, akakidondoshea tone mdomoni. Kile kidude kilifumba mikono yake yote, kikalimeza, kikajikunja kikawa donge jeupe. Wakafanya vitatu. Talib alitaka waendelee, mama akakataa: chokaa ikizidi hubabua mdomo wa mtu mzima, itakuwa samaki wa kidole? Vitatu kwa siku, basi. Walikwenda hivyo kwa wiki nzima, kila siku baada ya alasiri, na kila siku yale madonge ya jana yalikuwa yameyeyuka. Konokono mmoja alikufa, hawakujua kwa nini. Pezi la samaki likaota tena.

Viua vinne vimebaki mpaka leo, nyuma ya jiwe kubwa, mahali ambapo bomba halifiki. Wamekubaliana kuviacha, na kuvitazama visizidi. Ukoga nao upo, ukungu mwembamba wa kijani juu ya mawe, wa kutosha konokono watano. Maji yanametameta. Bi Zulekha, jirani wa mlango wa pili, huja siku nyingi baada ya alasiri, akakaa na kutazama, na kila mara anauliza wataanza lini kuwapika wale wawili wa buluu. Talib siku hizi kahawa yake anainywea ukumbini. Mafundi wenziwe wakija kuuliza habari za tangi, huwaambia, "Mimi nimetengeneza vioo tu, mengine muulizeni mama," na mama huwajibu, kanga ikiwa begani.

Idi ya safari hii Bi Mwanamize alikwenda Makoongwe kuwaona watu wake. Walimpokea kwa furaha, wakamkalisha penye upepo, wakampikia pweza wa nazi. Mdogo wake Suhaila alimuuliza kama sasa atarudi kwao moja kwa moja, kwa kuwa chumba chake kipo na hakuna aliyekigusa. Bi Mwanamize alishukuru. Alisema atakaa mpaka Jumatatu asubuhi, asipitishe hapo, kwa sababu Jumanne wanabadilisha maji, na Talib peke yake humwaga nusu nzima sakafuni.